Maneno ya Wimbo wa Kengele

Mwaka huu kanisa letu la Njoro liliamua kuwa na ibada ya shukrani kwa wazee waliofunga ndoa kati ya mwaka wa sabini na sita na sabini na tisa. Baada ya ibada tungekula pamoja uwanjani, na bendi ya vijana ingetupigia nyimbo za siku zile. Mchungaji Makhanu alikubali kwa sharti moja: hakuna wimbo utakaopigwa kabla hatujajua unasema nini. Aliteua kamati ya kuchagua nyimbo saba zilizo bora kabisa za miaka ile, na mimi akaniweka humo. Kati ya walioalikwa nilikuwa mjane pekee, na nadhani hakutaka nijione nimeachwa kando.

Tulikutana Jumamosi alasiri katika chumba cha Shule ya Jumapili, tukakalia vile viti vidogo vya watoto, magoti juu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wanyoike, aliyefanya kazi ya reli pale Nakuru mpaka akastaafu, na ambaye tangu ujana hajawahi kukaa kimya penye muziki. Fancy, mjukuu wa dada yangu anayeniita Gogo, yaani nyanya, ndiye anayeongoza bendi ya vijana, naye anasoma chuo kikuu hapa hapa Njoro. Alikuja na simu na spika ndogo. Kila wimbo tuliotaja aliutafuta, na kila alipoupata alitutazama kama watu waliomficha kitu.

Kazi haikuwa rahisi. Mzee Wanyoike alisema wimbo bora ni ule unaokumbuka mahali uliposimama ulipousikia mara ya kwanza. Mimi nilisema ni ule unaoweza kufua nguo nao mpaka ukashangaa zimeisha. Mchungaji alitusikiliza sote, kisha akasema kwake yeye ni ule unaoweza kumweleza mtoto wa Shule ya Jumapili bila kuruka ubeti.

"Karani wa Molo" ulipita bila ubishi. Wimbo wa fundi saa ulipita pia, ingawa Mchungaji aliomba urudiwe pale fundi anapoingia nyumba ya mteja wake. Tulipofika kwenye "Chupa ya Mwisho", Mzee Wanyoike aliusimamia kama wakili.

"Mchungaji, huyu jamaa anasema anaacha pombe."

"Anaiacha wapi?"

"Ubeti wa mwisho."

"Na hizo beti tano za mbele?"

Mzee Wanyoike alikuna kidevu. "Hapo ndio anajitayarisha."

Wimbo huo ulianguka. Kisha ikawa zamu yangu, nami nikataja Wimbo wa Kengele.

Hatukuwahi kujua jina lake halisi. Ulitoka Kongo, ukaja kwetu kwa santuri na kwa redio, na sote tuliuita hivyo kwa sababu gita likishapanda katikati, kengele inalia mara mbili, kisha waimbaji wote wanaingia kwa pamoja. Ulipigwa katika kila harusi kuanzia Gilgil hadi Molo. Hata kabla Fancy hajaupata kwenye simu, mikono yote ilikuwa juu. Ulipoanza, Mzee Wanyoike alifumba macho, na viatu vyake vikaanza kusugua sakafu.

"Unasema nini?" Mchungaji akauliza.

Tukatazamana. Tulikuwa tumeucheza zaidi ya miaka arobaini, wengine tukiwa na watoto mgongoni, na hapakuwa na mtu aliyejua neno moja. Mtu mmoja alisema bila shaka ni wa ndoa, kwani hiyo si kengele ya kanisa? Mzee Wanyoike akacheka, akasema shemeji yake aliyekuwa akiendesha lori mpaka Kongo alimwambia jambo lingine kabisa: kwamba ni mtu anayemsimanga mke aliyemfukuza, na kengele ni ya kumsindikiza aondoke.

Alisema kwa mzaha, lakini Mchungaji hakulichukua kama mzaha. Alisema wimbo huo usubiri mpaka apatikane mtu wa kuutafsiri. Fancy akasema kuna dada anayesoma naye, Nsimba, aliyezaliwa Kinshasa, angemwomba aje Jumamosi inayofuata.

Ningeweza kusema kwamba mimi nayajua maneno ya wimbo ule, kwa sababu marehemu mume wangu, Kimaiyo, alinitafsiria. Sikusema, maana yalikuwa maneno ya watu wawili.

Kimaiyo alikuwa dereva wa kombaini za kuvunia katika mashamba ya ngano. Alikuwa mtu mpole na mchache wa maneno. Wanaume wa kwetu wa rika lake wakimpenda mtu humnunulia kondoo, au humtengenezea uzio, hawasemi. Lakini kabla ya kuingia mashambani alikuwa amefanya kazi katika gereji moja Nakuru pamoja na fundi Mkongo, na aliniambia huyo fundi alimfundisha Kilingala. Santuri ile aliinunua mwaka tuliooana. Ikishaanza kuzunguka alikaa kando yake, na kama nyumba ilikuwa na utulivu alinieleza mwimbaji anasema nini.

Siku za mwanzo alisema mwimbaji anamwambia mkewe: kiganja chako kina harufu ya maziwa, na sitaki kukiachilia. Tulipompoteza mtoto wetu wa pili kabla hajapata jina, nilikaa siku nyingi bila kutaka kuona mtu. Kimaiyo aliweka santuri, kwa sauti ya chini sana, akasema kuna mahali mwimbaji anasema: nyumba haijabaki tupu, mimi nimo. Nililia, kisha nikaamka nikapika. Na mwaka ule wa mwisho, alipokuwa mgonjwa na santuri ilishavunjika zamani, aliniimbia kwa pua, akasema mwimbaji anamwambia mkewe atangulie kulala, yeye atawafungia ng'ombe.

Wimbo ule ni mrefu, kwa hiyo sikushangaa kwamba una maneno mengi. Wala sikujiuliza Mkongo wa mjini ana ng'ombe gani.

Sasa, kama shemeji wa Mzee Wanyoike alisema kweli, ina maana kwamba kitu nilichokuwa nakishika tangu Kimaiyo alale kilikuwa matusi ya mtu kwa mke aliyefukuzwa. Nilienda nyumbani na mawazo hayo. Wiki nzima, asubuhi nikikamua na jioni nikitembea kwenda darasa letu la watu wazima, niliomba. Mwanzoni niliona haya kumpelekea Mungu habari za santuri. Kisha nikakumbuka kwamba nimempelekea habari za kuku na za jino, na hakunifukuza. Nikamwambia: Baba, sikuombi wimbo huu uwe mzuri. Naomba tu usiwe mchafu, ili nisije nikaona haya nikimkumbuka mume wangu.

Siku ya Alhamisi nilimpigia Fancy nikamwambia nauondoa wimbo wangu, wachague mwingine.

"Lakini Gogo, hiyo ndiyo namba moja," akasema. "Na Nsimba ameshakubali. Ako na hamu sana."

Jumamosi nilifika mapema nikakaa karibu na mlango. Nsimba alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ya taratibu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kizito kidogo kuliko chetu. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaniita Mama. Fancy akaweka wimbo.

Haukuwa umefika mbali Nsimba alipoweka mkono mdomoni. Niliona mabega yake yakitikisika. Alikuwa anacheka. Nikashika kiti cha mbele yangu, nikaanza Zaburi ya ishirini na tatu moyoni, na sikuweza kupita malisho.

Kengele ikalia mara mbili. Nsimba akaomba urudishwe kidogo, asikie tena. Kisha akamgeukia Mchungaji.

"Ni baiskeli," akasema.

Fancy akausimamisha wimbo.

"Anaimbia baiskeli yake. Alipewa na mjomba. Anasema ni ya buluu, na akipita mtaani watu wanasogea. Kiti chake kimeshonwa na fundi mmoja, anamtaja jina na kumsifu. Halafu jirani anakuja kuiazima, na yeye anakataa. Pale wanapoimba wote pamoja, wanaiomba isipate pancha kabla ya Jumapili."

"Na kengele?" Mzee Wanyoike akauliza.

"Ni kengele ya baiskeli, Baba."

"Hakuna mke?" nikauliza mimi. "Hakuna anayefukuzwa?"

"Hapana, Mama. Hakuna mwanamke kabisa. Kuna mjomba, fundi na jirani tu."

"Na ng'ombe?"

Wote wakanigeukia. Nsimba akafikiri kwa makini, kama mtu asiyetaka kunidanganya.

"Hakuna ng'ombe, Mama."

Mzee Wanyoike ndiye aliyeanza kucheka, akafuta macho, akasema basi yeye alimwoa mkewe mbele ya mashahidi mia mbili kwa wimbo wa pancha, na siku hiyo hiyo angeenda kumwambia kwamba ndoa ni batili. Mchungaji naye alicheka mpaka akavua miwani. Alisema amepekua Maandiko yote kichwani na hajaona dhambi ya baiskeli, isipokuwa labda ya kumnyima jirani, lakini hiyo angeihubiri siku nyingine. Wimbo ukapita. Ukabaki namba moja.

Nami nikashusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu Jumamosi iliyotangulia. Wimbo ulikuwa safi. Nilimshukuru Mungu pale pale, macho wazi, bila kusubiri kufika nyumbani.

Ilinichukua muda zaidi kuona mengine. Walikuwa wameshahamia wimbo wa saba, wanabishana, na mimi nilikuwa bado na yule mwenye baiskeli yake ya buluu. Hakusema lolote kuhusu kiganja. Hakusema lolote kuhusu nyumba kubaki tupu. Miaka yote nilidhani Kimaiyo ananiletea maneno ya mtu mwingine, na niliyapenda hivyo hivyo, kama mtu anavyopenda nguo nzuri ya kuazima. Kumbe hapakuwa na aliyeyaazimisha. Yule mtu wangu mkimya, aliyeweza kumaliza chakula chote kwa kusema "chumvi" na "asante", alikuwa amekaa kando ya santuri akiyatoa moyoni mwake, moja baada ya jingine, na kumsingizia Mkongo.

Tulipokuwa tunatoka, Mzee Wanyoike alinisubiri mlangoni.

"Mama Weldon, si Kimaiyo alikuwa anajifanya anajua Kilingala? Tukiwa Kikopey kwa nyama alikuwa anatusumbua sana na hiyo maneno. Wewe alikuambia hiyo wimbo inasema nini?"

"Alisema ya kwake," nikamjibu.

Alikuwa amefungua mdomo kwa mzaha mwingine. Aliufunga. Akanishikia mlango, akaniuliza kama ng'ombe wangu wanaendelea vizuri, nami nikamwambia wanaendelea vizuri.

Siku ya shukrani jua lilitoka tangu asubuhi. Fancy alikuwa amefungua kengele kutoka kwenye baiskeli ya mtu, akaifunga kwenye stendi ya maikrofoni, na ilipofika zamu yake aliigonga mara mbili kwa bidii zaidi kuliko hata kwenye santuri. Wazee waliinuka. Mzee Wanyoike alimshika mkewe mkono, na wengine wakashikana, wakicheka kwa sababu habari ya pancha ilikuwa imeshaenea kanisa zima.

Mimi sikuwa na wa kushika. Nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi, na nilikuwa nimekamua kabla ya kuja. Nikainua kiganja changu mpaka puani, nikakinusa, na sikukitoa upesi.