Foleni ya Bustani Namba Kumi na Saba

Nilibonyeza kitufe mara ya tisa, na kompyuta ikafanya vilevile ilivyofanya mara nane za kwanza: feni ilizunguka kidogo, ikakohoa, ikazimika. Kikabaki kijitaa cha njano kinanikodolea macho. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nne, saa tatu asubuhi, na mkutano mkuu wa bustani zetu ulikuwa kesho yake saa nne.

Nilichomoa waya, nikahesabu hadi thelathini, nikachomeka. Nikalibeba sanduku zima hadi jikoni nikajaribu soketi ya huko, nikalirudisha sebuleni. Nikaleta mashine ya kufyonza vumbi, nikafyonza kila tundu. Nikanywa kahawa nimesimama, nikazunguka meza, nikabonyeza tena. Mfa maji haachi kutapatapa. Mwisho nikaligeuza ubavu nikalipiga makofi, na wala sikulipiga kwa upole.

Ndani ya sanduku lile mlikuwa na foleni, orodha ya wanaosubiri bustani. Bustani zetu ni arobaini na mbili, ng'ambo ya reli hapa mjini Gävle, na wanaozitaka wakati ule walikuwa hamsini na wanne. Kwetu bustani hairithiwi. Anayeondoka anairudisha kwa chama, na inakwenda kwa aliye wa kwanza kwenye foleni, awe nani, hata kama ni adui wa mwenyekiti. Anayetunza foleni ni katibu, na katibu kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mimi, Sigvard Åslund, mstaafu wa posta.

Nakala nyingine haikuwepo. Kila mwaka Gunvor, mwenyekiti wetu, aliniomba niichapishe kwenye karatasi, na kila mwaka nilimwambia karatasi hupotea na majina ya watu ni siri yao, nikamshushia kanuni za faragha moja baada ya nyingine mpaka akachoka. Ukweli ni kwamba nilipenda kuwa mtu pekee anayejua. Miaka thelathini na mmoja nilipanga barua, nikajua nani anamwandikia nani, nikanyamaza. Utamu huo ukishauzoea huuachi. Wala hakuna aliyenisumbua, maana kwetu kuuliza uko wa ngapi ni sawa na kumsukuma mtu mgongoni dukani. Watu husubiri kimya, hata miaka kumi.

Na bustani iliyoachwa mwaka ule ilikuwa namba kumi na saba.

Namba kumi na saba ilikuwa ya baba. Alikufa miaka mingi nyuma, mwezi wa tatu, na kanuni ya wakati ule iliruhusu mmoja wetu kuendelea nayo mwaka huo ili apate uanachama. Dada yangu Majken alikuwa kazini mbali, Göteborg, akanipigia simu: isimamie kaka, msimu mmoja tu, mimi narudi. Nilisema ndiyo. Sikwenda hata siku moja. Magugu yalifika kiunoni, chama kikaichukua kikampa mwingine, na mimi miaka minne baadaye nikapata namba nne kwa zamu yangu, kama mtu mwema. Majken aliporudi akajiandikisha kwenye foleni. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona zamani.

Msiniulize kwa nini sikumkaribisha kwenye bustani yangu. Nilimkaribisha. Tulidumu majuma sita. Tuligombana viazi vipandwe upande wa kaskazini au wa kusini, na kufikia katikati ya mwaka tulikuwa tunaandikiana vijibarua na kuvibandika kwenye mlango wa banda.

Basi nilikuwa nalipiga sanduku mlango ulipogongwa. Alikuwa Pentti Hakala, jirani wa chini yangu, Mfini aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi maisha yake yote, mtu wa maneno matano kwa siku. Mkononi alikuwa na kapu la nguo.

"Unajenga?" akauliza.

"Napiga kompyuta."

"Inasaidia?"

"Haisaidii."

"Basi niachie nami niipige kidogo. Zamu yangu kwenye chumba cha kufulia inaanza saa tano."

Nikampisha aingie. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimeipitia foleni jina kwa jina, na nilikumbuka vizuri: wa kwanza alikuwa Pentti Hakala. Wa pili alikuwa Majken Åslund. Pentti alijiandikisha miaka tisa iliyopita na hakuwahi kuuliza. Na sasa alikuwa amepiga magoti kwenye zulia langu na bisibisi, anafungua sanduku ambalo jina lake limo humo.

"Vumbi hili," akasema, "ungeweza kupanda karoti."

"Fanya kazi, acha utani."

Alifanya kazi taratibu mno, na mimi nilikuwa nakwenda dirishani na kurudi, dirishani na kurudi. Alichomoa kibao cha kumbukumbu, kijibao chembamba cha kijani, akatoa raba ya penseli mfukoni, akakisugua ncha zake za shaba kama mama anayemsafisha mtoto masikio. Akapuliza. Akakirudisha mahali pake kikalia tap. Kilikuwa kimoja tu, na bila hicho haiwaki; kompyuta yangu si ya matajiri.

"Hicho kizima," akasema. "Kinachokufa ni hiki kisanduku cha kugawa umeme. Ninacho cha zamani stoo, chini. Keti, Sigvard. Unanizungushia upepo."

Alishuka. Simu ikalia kabla hatua zake hazijapotea kwenye ngazi. Alikuwa Majken.

"Kaka, umeamka vibaya au hiyo ndiyo sauti yako?"

"Kompyuta imegoma. Foleni yote imo ndani."

"Si karatasi ndizo zinazopotea?"

"Majken, usianze."

Akacheka. "Nitaleta maandazi ya mdalasini kesho. Jana nilipita kumi na saba, nikasimama nje ya ua. Mcheri wa baba bado uko, umeanza kutoa vitumba. Sikiliza, usiniambie niko wa ngapi. Watasema umenipendelea. Nikikosa, nimekosa."

"Haya."

"Na kitu kimoja. Ule mwaka wa baba, mimi sikukulaumu. Nataka ujue tu."

Akakata. Nikabaki na simu mkononi, nimepigwa mahali ambapo nilikuwa nimepakinga miaka yote. Ana miaka sitini na miwili, anakaa ghorofa ya tatu isiyo na hata kibaraza, madirisha yake yanatazama maegesho ya magari. Na mimi ndiye niliyemnyima ule mti.

Ndipo likanijia wazo, nami sikulifukuza. Anayeijua foleni ni mimi na sanduku. Sanduku likifa leo, nabaki mimi. Nani atabisha? Nitasimama kesho niseme, ndugu zangu, kompyuta imekufa, nimeandika foleni kwa kichwa, na wa kwanza ni huyu. Pentti hatauliza. Pentti hajawahi kuuliza.

Nikapiga magoti. Nikachomoa kile kijibao cha kijani nikakitia mfuko wa suruali. Hata sekunde kumi hazikufika. Nilikuwa nimeshasimama jikoni nikimimina kahawa aliporudi.

Pentti alifunga kile kisanduku cha umeme, waya baada ya waya, akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, safari hii bila kukohoa. Akaniangalia akatabasamu, na sijui kama nilikuwa nimewahi kuyaona meno yake. Kisha kompyuta ikalia: piii, piii, piii. Skrini ikabaki nyeusi.

Akazima. Akamulika ndani kwa tochi. Akapitisha kidole pale kibao kilipokuwa.

"Hakimo," akasema.

"Nini hakimo?"

"Kile kibao. Nilikirudisha. Si nilikirudisha?"

Nilipaswa kusema neno. Nilisema, "Sijui, sikuangalia."

Akatazama juu ya meza. Akatazama ndani ya kapu lake la nguo, akatoa soksi moja moja akizikung'uta. Halafu mzee wa miaka sabini na mmoja akalala kifudifudi kwenye zulia langu, akaingiza mkono chini ya kabati, akapapasa, akatoa kalamu na kifuniko cha chupa, akaingiza tena. Goti lake bovu lilikuwa linalia alipojikokota kwenda upande wa pili. Nilisimama nikamtazama.

"Nimezeeka, Sigvard," alisema kutoka chini ya meza. "Wiki iliyopita niliacha funguo kwenye jokofu. Nitakuwa nimekibeba nikakiangusha ngazini. Nimekuharibia kitu chako."

"Acha, Pentti."

"Hapana. Nitapanda basi niende dukani, huenda wanacho cha aina ile. Nitalipa mimi. Wewe una mkutano wako kesho, watu wanakutegemea."

Akaanza kuinuka kwa kushika ukingo wa meza. Uso wake ulikuwa mwekundu, na nywele zake zimeshika vumbi la kompyuta yangu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Nikatia mkono mfukoni nikakitoa.

"Kilikuwa mfukoni mwangu," nikasema.

Alikitazama kiganjani mwangu. Akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri niseme kilivyoingia humo, na mimi sikuwa na uongo wowote wa kumpa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye lile zulia.

"Nilikichomoa ulipokwenda stoo. Kwa makusudi. Kirudishe, utaelewa mwenyewe."

Alikichukua, akakifuta kwenye shati, akakirudisha. Tap. Akabonyeza. Skrini ikawaka, na baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko asubuhi nzima nikamfungulia foleni, mimi mwenyewe, nikasogea pembeni.

"Soma."

Alivaa miwani. Jina lake lilikuwa juu kabisa. Alilisoma, akasoma la pili chini yake, kidole kikiwa kwenye skrini.

"Åslund. Ndugu yako?"

"Dada yangu. Kumi na saba ilikuwa ya baba yetu. Mimi niliipoteza."

"Mm."

Akaketi. Nikamwekea kahawa, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikamwambia anitukane. Hakunitukana. Alikunywa kikombe kizima, na mimi nikarudi dirishani, nikatoka dirishani, nikarudi tena.

"Wewe bustani yako namba ngapi?" akauliza mwishowe.

"Nne."

"Ina mti?"

"Mplamu."

"Mm," akasema Pentti. Akaangalia saa, akachukua kapu lake la nguo. Zamu yake ya kufua ilikuwa imeanza.

Usiku ule nililala kidogo sana. Si kwamba sikuelewa. Nilielewa kabla hajafika ngazi ya mwisho: nne nikiirudisha, itamwendea wa pili. Nilikuwa natafuta njia ya kutoelewa. Ule mplamu niliupanda kwa mikono yangu. Nyanya zangu, banda langu, kiti changu cha mbao ninapokunywa kahawa saa kumi na mbili asubuhi kabla watu hawajafika. Mtu wa miaka sitini na tisa akiachia bustani, anaachia kila kitu kinachomtoa nyumbani.

Kesho yake banda la mkutano lilijaa. Majken alikuwa nyuma na sinia lake la maandazi, ameliinua kama ngao. Gunvor alinipa nafasi, nikasoma: "Bustani namba kumi na saba. Wa kwanza kwenye foleni ni Pentti Hakala."

"Naipokea," Pentti akasema, na watu wakapiga makofi. Nilimwangalia Majken. Naye alikuwa anapiga makofi, sinia limetua magotini, uso umekaza kama mtu anayemeza dawa.

Tulipofika kwenye mengineyo nikasimama tena.

"Narudisha namba nne," nikasema. "Kuanzia leo. Na ukatibu pia."

Gunvor alishusha miwani. "Sigvard, unaumwa?"

"Siumwi."

"Ukatibu tunaupokea haraka usije ukabadili mawazo. Lakini bustani? Kwa nini?"

Nilimtazama Pentti. Alikuwa anatazama nje, kwenye mvua nyembamba. Habari ya kile kibao hajawahi kumwambia mtu hadi leo, na mimi siku ile sikuwa na ujasiri wa kusema.

"Ni zamu ya mwingine," nikasema.

"Haya. Na wa kwanza kwenye foleni sasa ni nani?"

Sikuhitaji karatasi. "Majken Åslund."

Watu wakageuka nyuma. Majken alisimama, akakaa, akasimama tena. Akaja mbele na sinia lake, akasimama karibu yangu kabisa.

"Mjinga wewe," akaninong'oneza. "Na plamu zako?"

"Zako."

"Viazi napanda upande wa kaskazini."

"Panda hata juu ya paa."

Akanisukumia andazi mdomoni mbele ya watu wote, kwa nguvu, macho yake yamejaa machozi. Kutoka namba nne hadi kumi na saba ni nyua mbili tu, na mcheri unaonekana wote.

Katibu sasa ni Pentti. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchapisha foleni na kuibandika kwenye ubao mlangoni, nyuma ya kioo, kila mtu aione. Jina langu aliliandika chini kabisa, la hamsini na tatu. Mwaka jana nilisogea nafasi mbili, na kwa mwendo huo zamu yangu itafika nikiwa na miaka tisini na tano. Jumapili Majken hunikaribisha kahawa kwenye kiti kilichokuwa changu, akinionya nisiguse nyanya zake. Nikiondoka hupita ubaoni, nikasoma jina langu lilipo, nikaenda zangu nyumbani.