Muhuri Mweusi

Marehemu mke wangu, Medina, aliacha mihuri minne ya mbao ya kuchapia nguo. Ya zamani sana, ya Uajemi. Babu yake, askari Mnubi, aliipata Arua kwa muuza vitambaa Mwajemi. Yote minne inatoa ua moja. Mweusi unachora mistari kwanza, halafu mwekundu, wa bluu na wa njano inajaza rangi. Mimi sikujua hiyo. Miaka thelathini sikumuuliza.

Msimu wa mvua maji yaliingia jikoni, kwa sababu mtaro waliouahidi wakubwa hapa Koboko mpaka leo haujachimbwa. Kuni zikalowa. Nikafungua sanduku la Medina, nikaona muhuri mmoja mweusi tii. Nikadhani huu umeshaungua nusu. Nikaupasua, nikachemshia chai.

Wiki iliyopita binti yetu Nabila alikuja kutoka Arua kuchapa gurbaba, nguo ya kujifunga siku ya harusi yake.

"Baba, ile nyeusi iko wapi?"

Mdomo wangu umezoea njia moja. "Cheyamani Alionzi alichukua. Alisema iko kitu ya serikali."

"Ya mama? Mwizi huyu!" Akakaza leso kiunoni, akatoka.

Nikamfuata polepole, nikiomba ofisi ya cheyamani, mwenyekiti wa mtaa wetu, iwe imefungwa. Ilikuwa wazi, watu wamejaa wakingoja barua. Alionzi alikuwa anamwaga droo zake mezani.

"Muhuri iko hii moja tu," alisema, akiinua ule wa ofisi.

Karani wake, Concy, akacheka. "Na huo wenyewe hauna wino! Cheyamani ataiba wa maua afanye nini?"

Alionzi hakucheka. "Binti yangu, mama yako alichapa shuka ya mtoto wangu wa kwanza. Mimi naweza kuiba kitu ya Medina?" Akaniona mlangoni. "Mzee Shafiki, sema basi. Nilikuja kwako siku gani?"

Watu wote wakanigeukia. Nilitafuta wa kumsingizia. Mvua. Mtaro. Sikupata.

"Nilichoma," nikasema. "Nilichemshia chai."

Heri Nabila angenitukana. Aliuliza tu, "Chai ilikuwa tamu?"

Jana alichapa kwa mitatu iliyobaki. Rangi zimekaa kwenye kitambaa kama madoa, hakuna petali, hakuna jani. Ataivaa hivyo hivyo. Mashangazi zake wa Arua wakiuliza maua gani haya, amesema nitajibu mimi, mbele yao wote.