Zoezi la Dakika Moja na Nusu

Kiwanda chetu cha kugandisha kamba wa baharini pale mkoani Cà Mau kinaendeshwa kwa amonia, gesi ya kupozea, na amonia haina mzaha na macho ya mtu. Ndiyo maana mimi, fundi wa vipimo, nilinunuliwa leza ya kupimia gesi hewani. Kutoka ukuta mmoja wa chumba cha kompresa, mashine zinazosukuma amonia, hadi wa pili inapiga mwali usioonekana, ikiubadilisha rangi kidogo kidogo mpaka iguse ile rangi moja ambayo amonia huimeza. Ikimezwa kidogo, gesi ni kidogo. Ikimezwa sana, kimbieni.

Jumatatu ilisoma sehemu kumi na mbili kwa milioni, Jumanne kumi na tisa. Vali moja ilikuwa inavuja kwenye sili, mpira wake wa kuzibia. Nikamwendea mkurugenzi, Mzee Khoát.

"Mzee, tuzime nusu siku tu nibadilishe sili. Nyuma ya ukuta ndipo wanapomenya kamba. Mke wangu yumo humo, na wenzake sitini."

"Lực mwanangu, kesho wanakuja wakaguzi wa usalama. Unataka wakute kiwanda kimelala? Wakishaondoka, zima hata siku mbili."

Badala ya sili akanipa bango. Kwetu mgeni wa serikali hapokelewi bila kitambaa chekundu chenye maandishi ya manjano, na kikiwa kifupi ni dharau. Hiki kilikuwa cha mita kumi, USALAMA KWANZA, na mahali pekee kilipoenea ni katikati ya chumba cha kompresa. Kikaukata mwali wangu. Leza isipoona mwanga hupiga kelele, basi king'ora kikalia kiwanda kizima.

"Nyamazisha hicho kidude!"

"Hakioni, Mzee. Tushushe kitambaa kidogo."

"Tushushe usalama mbele ya wakaguzi? Una wazimu wewe? Kiandikie sifuri."

Nikakiandikia; kioo chake kikabaki kwenye sifuri, king'ora kikazimika. Naona haya kusema, lakini mkono ulikuwa wangu. Nilijiambia ni siku moja tu.

Asubuhi wakaguzi walipiga picha chini ya kitambaa. Harufu ya amonia wakaambiwa ni dawa ya kusafishia sakafu. Kisha kiongozi wao, Bi Sương, akasimama ofisini mbele ya kioo cha leza.

"Sifuri kabisa! Miaka yote ya kazi sijaona."

Mzee Khoát akanipiga begani kwa fahari.

Mara mlango wa chumba cha kumenyea ukafunguka kwa kishindo. "Tokeni! Acheni kila kitu! Shikaneni mikono!" Ilikuwa sauti ya mke wangu, Mama Hân. Wanawake wakamiminika uani, vitambaa puani. Mara mbili nilimwona akirudi ndani kuwatoa waliobaki. Nikakimbia kufunga vali.

Bi Sương alikuwa ameshika saa. "Dakika moja na nusu," akasema. "Na wanalia machozi ya kweli! Laiti kila kiwanda kingefanya zoezi kama hili."

Mzee Khoát akainama. "Tunajitahidi, Bi."

Cheti kilitolewa jioni ile ile: fundi bora wa vipimo mkoani, jina langu ndani ya fremu. Nikaenda nacho hospitali moja kwa moja, sikuwa na pa kukiacha. Mama Hân alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili, na daktari hakuahidi kitu. Mkono wake ukapapasa, ukaigusa fremu.

"Umeleta nini, Baba Hân?"

"Karatasi tu ya kazini."

"Karatasi gani ina fremu? Nisomee." Vidole vyake vikafuata ukingo wa fremu. "Kile kidude chako kiliharibika, eh? Nimewaambia wenzangu, Lực angejua, angekuja kunitoa mwenyewe."

Nikamsomea cheti chote, neno kwa neno, hadi kwenye muhuri.