Mwaka Ambao Mnara Haukulipuka

Kila tarehe mbili Mei mimi hushindwa vita. Navaa koti la amiri wa Kihispania, napanda boti la shemeji yangu lililovishwa mbao likafanana na manowari, nasogea karibu na ufuo wa mtaa wetu hapa Callao, bandari ya Peru, napiga fataki, kisha nakimbia. Watu hunifukuza kwa matumbo ya samaki. Mke wangu hulifua koti huku akinitukana. Kazi hii nilipewa kwa sababu ya macho yangu ya kijani, niliyoyarithi kwa babu aliyetoka Genoa, ambaye vita vile hata hakuvisikia. Lakini mtaani kwetu macho ya kijani ni Uhispania tosha.

Wahispania wenyewe walianza kwa kuteka visiwa vyetu vya mavi ya ndege, maana enzi zile mbolea ile ilikuwa mali. Wakaipiga mabomu Valparaíso ya Wachile, kisha, tarehe mbili Mei 1866, wakaja kwetu. Walitupiga kutwa, jioni wakaondoka. Sisi tunasema tuliwafukuza. Siku moja baharia wa Kihispania alikunywa nasi bandarini, akatuambia kwamba Madrid kuna uwanja unaoitwa Callao, kwa sababu wao ndio walioshinda. Nusura tumtupe majini. Baadaye nilikaa nikawaza: ikiwa wote walishinda, nani basi alishindwa? Sikuona wengine ila wale wa mnarani. Mnara wetu wa mizinga ulilipuka mchana ule, kwa kombora lao au kwa cheche ya baruti yetu wenyewe, hakuna ajuaye, ukawaua waliokuwamo.

Kwa hiyo mchezo wetu nao una mnara, wa mbao na makaratasi. Nikishusha upanga, fataki inaupiga, moshi unafuka, na vijana waliomo wanaruka chini na kujilaza kama maiti. Hapo mama zao hutoka kwenye umati, kila mmoja akamfunika mwanawe kwa shali nyeusi na kulia kwa sauti. Anayewashinda wenzake kwa kilio hupewa sufuria ya mishikaki ya moyo wa ng'ombe. Na mama asiyetoka kumfunika mwanawe amemkana. Kijana wa namna hiyo tutamwita yatima mpaka azeeke, kwa maana mtaa wetu una ulimi mrefu.

Sufuria ile ilikuwa ya Natividad, muuza samaki. Miaka nenda miaka rudi alimlilia mwanawe Wilmer mpaka mbwa wakabweka. Ananiita kompadre, nami namwita komadre, kwa sababu mimi ndiye niliyemshika Wilmer kwenye maji ya ubatizo. Mwaka juzi alimlilia vizuri kupita miaka yote. Majira ya baridi yalipoingia, boti la dagaa alilokuwamo Wilmer lilipotelea kwenye ukungu nyuma ya kisiwa cha San Lorenzo. Mwili haukupatikana. Natividad hakutoa chozi hata moja.

Mwaka jana, Aprili, alinikuta nikipaka rangi manowari yangu. Nafasi ya Wilmer mnarani ilikuwa imeshikwa na mdogo wake, Edilberto, ndivyo ilivyo desturi.

"Kompadre," akaniambia, "usiupige mnara."

"Nati, mnara usipopigwa hakuna mchezo."

"Mchezo!" Akalipiga teke kopo la rangi. "Nilimlilia Wilmer kwa ajili ya mishikaki. Nikaila, nikajilamba na vidole. Bahari ikanisikia. Sasa nimlilie na huyu?"

"Bahari haina masikio, komadre."

"Basi iambie imrudishe."

Nikamshauri amtoe Edilberto.

"Nimemwambia. Amesema nikimtoa nitakuwa nimemuua kaka yake mara ya pili. Na nisipomfunika, mtaa utamla nyama. Niambie wewe mwenye akili za Kihispania, nifanye nini?"

Nililipeleka shauri lile baa, kwa wazee wa kamati. Hao kila mwaka hugombana kwa lau. Lau mnara usingelipuka, tungewazamisha. Lau wangeshuka nchi kavu, leo tungekuwa tunambusu malkia wao mkono. Kwa lau zao wameshashinda na kushindwa vita hivyo mara elfu. Lakini nilipouliza kama mnara wetu wa makaratasi unaweza kusimama mwaka mmoja tu, mwenyekiti, mzee Policarpo, aligonga meza.

"Historia haibadilishwi kwa machozi ya mwanamke!"

"Si jana tu uliizamisha meli yao ya chuma hapa hapa mezani?"

"Ile ilikuwa bia, Amadeo. Hili ni taifa."

Siku ikafika. Kutoka botini niliwaona wote: bendi, umati, na mnara ambao Edilberto amesimama juu yake kifua mbele, amevaa kofia ya kaka yake. Natividad alikuwa mstari wa mbele. Shali aliikamata kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kitu kinachounguza. Bendi ikanyamaza. Nikauinua upanga.

"Shusha basi!" shemeji akanihimiza kutoka kwenye usukani. "Injini inachemka!"

Nilimwangalia Natividad. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kabla hata ya mlio wa kwanza. Niliogopa, nasema kweli. Nikaurudisha upanga alani.

"Geuza boti," nikasema. "Tunaenda pwani."

"Bila kupiga? Watatuua!"

Karibu na ufuo nikashuka majini mpaka magotini, mikono juu. Wakanipigia miluzi. "Mwoga!" "Hata kushindwa hujui!" Mzee Policarpo alipiga kelele kwamba nimeliuza taifa. Na matumbo ya samaki yakaanza kunyesha, maana yalishaandaliwa, na kwetu hakiharibiwi kitu. Mnarani Edilberto alibaki amesimama, macho mekundu kwa hasira, hajui afe au aishi.

Ndipo Natividad akasogea chini ya mnara, akaita kwa sauti ile ile iliyokuwa ikibwekesha mbwa:

"Edi! Shuka ule! Samaki wa ndimu anaharibika!"

Watu wakacheka. Kijana alikaza shingo kidogo, kisha akaanza kushuka ngazi kama anavyoshuka mtu yeyote aliyeitwa na mama yake. Natividad hakuondoa macho mpaka alipoona miguu yake yote miwili iko mchangani. Akamgusa shavu, akampita.

Akaja moja kwa moja kwangu. Mimi nilikuwa nimetoka majini, nimechuchumaa, nimejaa magamba, utumbo umening'inia begani.

"Haya jamani," akawatangazia, "leo maiti ni huyu!"

Akanifunika shali. Wakacheka zaidi, bendi ikaanza tena, na umati ukaelekea kwenye mishikaki. Yeye hakuondoka. Alipiga magoti mchangani, akanishika kichwa kwa juu ya kitambaa, na gizani mle nikamsikia analia. Hakikuwa kilio cha sufuria. Kilikuwa kidogo, cha puani, na kila pumzi ilitoka na jina la Wilmer. Nikatulia tuli, kama anavyotulia maiti, mpaka alipomaliza.