Fahali Aliyetazama Bahari

Asubuhi ile picha zote zilikuwa zimekwisha kutundikwa katika sebule ya Bi Shariffa, Kibokoni, Mombasa. Maonyesho ya binti yangu Beryl, ya kwanza maishani mwake, yangefunguliwa baada ya sala ya Alasiri. Mimi nilingoja neno la mtu mmoja tu: baba yangu, Mzee Joab. Fahali wa kwenye picha alikuwa wake.

Fahali huyo, Mulwani, hupiganishwa na mafahali wenziwe kijijini kwetu Khayega, huko bara. Beryl alikwenda huko Agosti, akapiga picha mamia, kisha akazichanganya kwa kompyuta na picha za Mji wa Kale, kama mtu anayeota. Katika moja, mafahali wanasukumana juu ya paa huku watazamaji wameketi mawinguni. Katika nyingine, vumbi la pambano linamiminika kutoka kwenye birika la kahawa.

Baba alizipitia polepole, mikono nyuma, kama alivyokagua mabehewa enzi za kazi yake ya reli. Mbele ya birika alicheka. Kisha akaifikia picha kubwa kuliko zote, ile iliyochapishwa kwenye mialiko: Mulwani katika uchochoro unaoishia baharini, anayatazama maji, na mpinzani wake yuko nyuma yake.

"Nani amemgeuza?"

"Mimi, Babu," Beryl akasema. "Nilitaka aione bahari."

"Fahali anayempa mwenzake mgongo ameshindwa. Mulwani hajakimbia tangu azaliwe, na wewe umemkimbiza mbele ya Mombasa nzima."

Bi Shariffa, aliyekuwa akipanga vikombe, akaingilia. "Lakini mzee, sisi huku hatuyajui hayo. Tutaona ng'ombe mzuri, basi."

"Ndiyo maana aibu ni yangu peke yangu, Bi Shariffa. Nawaachia ng'ombe wenu mzuri." Akachukua kofia yake.

Beryl alinyoosha mkono kuitundua picha. Nikajua kwamba akiitundua, atakuwa ameiombea radhi kazi yake yote.

"Baba," nikasema, "hakujua kwa sababu mimi sikumfundisha. Nimemlea hapa mjini, Tononoka, mbali na uwanja wa mafahali. Mfundishe wewe."

Aliirudisha kofia mezani. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta ya Beryl. "Huyo wa nyuma, mlete mbele."

"Mbele ni bahari, Babu."

"Basi atoke baharini. Si wewe uliyekalisha watu mawinguni?"

Beryl akamtoa mpinzani majini, pembe zikichuruzika.

"Sasa Mulwani ainamishe kichwa. Anayeinua kichwa anaomba msamaha." Beryl akapekua picha zake. "Chini zaidi. Zaidi. Hapo."

Bi Shariffa alikuwa ameviacha vikombe. "Mzee, huyo wa majini atamshinda wako."

"Huyo? Ana maji masikioni."

Picha mpya ilitoka kwa mpiga chapa wa karibu na Biashara Street saa tisa na nusu, ikatundikwa wakati adhana inaadhiniwa. Baba hakuondoka. Wageni wa kwanza walipoingia na kuisogelea, nilimsikia akiwaonya kwa sauti yake ya uwanjani:

"Msisimame hapo, mko mbele ya pembe. Njooni upande huu."

Nao wakasogea.