Chupa ya Bwana Harusi

Jumapili ile nilijifunga kibwebwe: chupa ifunguliwe, liwe liwalo.

Ilikuwa imelala kabatini kwa baba, chini ya makoti, tangu nikiwa mchanga. Enzi zile baba alikuwa mhudumu mkuu hotelini, na mgeni mmoja aliyesikia kwamba amepata mtoto alimzawadia mvinyo mwekundu wa shamba kongwe la mizabibu la Ufaransa. Mvinyo wa kuiva taratibu, alimwambia. Baba akaapa utafunguliwa siku nitakapoolewa. Sasa nina mvi, nina karakana yangu ya kuchomelea vyuma, na mwanamume wa kunioa hajaonekana wala simtafuti. Lakini kila nikimtembelea baba, macho yake hupita begani kwangu kuona kama nimekuja na mtu. Hilo ndilo lililonichosha. Nilitaka anione mimi.

"Baba, leo tunauonja," nilisema, chupa mkononi.

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Hayupo. Na hayuko njiani."

"Subira huvuta heri, mwanangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akadakia shangazi, dada yake, aliyekuja kwa chai tu na sasa hakuwa na nia yoyote ya kuondoka.

Nikamkumbusha baba jambo alilonifundisha mwenyewe: mvinyo nao hufa. "Ukifia humo kabatini, utakuwa umemngojea nani?" Sauti ilinipanda kuliko nilivyotaka. Baba akaninyang'anya chupa. Nilidhani anairudisha. Kumbe anatafuta kizibuo.

Kizibo kilimomonyoka kama keki kavu. Hakushtuka. Akaupitisha mvinyo kwenye chujio la chai, polepole, kwa mkono wake wa kazini. Ndani ya glasi haukuwa mwekundu tena. Pembeni ulikuwa na rangi ya kutu, rangi ninayoijua vizuri. Ulinukia majani makavu yaliyonyeshewa, tumbaku, na ngozi ya kiatu cha zamani.

"Umechacha huu!" shangazi alikunja uso. "Sukari iko wapi?"

"Haujachacha. Umezeeka," baba alisema. "Msimeze haraka."

Nikauacha ulimini. Kwanza ukali kidogo, kisha ulaini, kisha utamu wa mbali wa tunda lililokaushwa, ukakaa. Niliupenda, tena sana. Lakini glasi ya pili ilikuwa tayari imepungua harufu. Baba alinusa yake, akainusa tena.

"Wa umri huu ukipata hewa haudumu," akasema. "Ningengoja kidogo tu, ningekufungulia siki."

Aliiweka glasi chini. Niliona ameogopa, na hasira zangu zikaniishia.

Kisha akasimama, akafunga kifungo cha shingoni, akakohoa.

"Wageni waalikwa," alituambia, mimi na shangazi. "Kwa niaba yangu na ya marehemu mke wangu, leo tunamkabidhi binti yetu..."

Akakwama. Hotuba ile alikuwa nayo kichwani miaka yote, na mahali hapo palihitaji jina la mtu. Shangazi alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Baba akanitazama kwa muda.

"Hatumkabidhi kwa mtu," akasema. "Tunajivunia binti yetu. Siku niliyokuwa naingoja ndiyo hii. Haya, kunyweni kabla harufu haijaisha."

Tukanywa, nami nikilia bila kuona haya.