Matanga ya Bulugu na Mvua ya Kwanza

"Wananchi wote wa kitongoji wanatangaziwa kwamba vijiko vilivyoazimwa kwa ajili ya msiba wa Mzee Bulugu vitenganishwe. Vyenye alama nyekundu virudi kanisani. Visivyo na alama virudi kwa wenyewe."

Mwenyekiti wa kitongoji, Telesfori, aliyasoma hayo uani kwa marehemu kwa sauti iliyostahili jambo zito zaidi. Mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunyesha hapa Kaniha, na hakuna aliyelima.

Bulugu alihamia hapa kutoka Shinyanga na maksai wanne na plau moja. Si kweli kwamba hakuwa na kasoro, kama ilivyodaiwa makaburini. Alikuwa mbishi, na ibadani alisinzia waziwazi. Lakini kila msimu alianza kulima mashamba ya wajane na wagonjwa, lake likasubiri. Watu wa namna hiyo hupendwa, na kupendwa kuna hasara zake. Desturi inakataza kulima kabla matanga hayajaanuliwa, na wa kuyaanua ni kaka wa marehemu, Gervas, aliyekuwa bado Shinyanga akiuguza mgonjwa. Angekuwa amekufa mtu mwingine, majirani wangekwisha kurudi mashambani kimyakimya. Kwa Bulugu, kila mmoja aliona aibu kuwa wa kwanza.

Mjane wake, Rozina, alikuwa na watoto wa kulisha na shamba ambalo udongo wake ulianza kukauka.

"Shemeji Telesfori," alisema, "mvua haikai matanga. Kesho nifungieni maksai nikalime."

"Shemeji, tuonekane hatukumpenda?"

"Mlimpenda wakati maksai wake wakiwa mashambani kwenu."

"Loo! Ubishi wa Bulugu haukuzikwa," alisema jirani yao, Nshoma. Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo.

"Angekuwa hai, leo angekuwa anakulimia, Nshoma. Wewe uko hapa unamaliza ugali wa wanangu."

Nshoma alinawa mikono, ingawa sahani yake haikuwa tupu.

Wazee walijitenga kushauriana. Waliporudi, Telesfori alisoma uamuzi: kwa kutambua mchango wa marehemu katika kilimo, siku ya mvua ya kwanza ya kila mwaka itaitwa Siku ya Bulugu, na siku hiyo ni marufuku kwa yeyote kushika jembe. Suala la shamba la mjane litajadiliwa Gervas atakapofika.